Bakteria wa utumbo: mtoto njiti na aliyetimiza miezi

Mzamu: Naomba ufafanuzi, wakuu. Kwa nini kinyesi cha njiti aliyezaliwa wiki ya 29 ya mimba hujaa Klebsiella na Enterococcus, bakteria wanaoweza kuleta maambukizi, ilhali anayenyonya aliyetimiza miezi ana Bifidobacterium, bakteria rafiki, tele?

Darubini: Njia ya kuzaliwa ni sehemu tu. Njiti hupewa antibiotiki mapema, hukaa mbali na ngozi ya mama, na mpira wa kulishia hushika utando wa vijidudu. Bifidobacterium hustawi kwa sukari za maziwa ya mama ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya. Maziwa yakikosekana, bakteria huyo hukosa chakula.

Dang'a Kwanza: Ndiyo maana dang'a, maziwa ya kwanza ya mama, isichelewe: mililita 0.1 ndani ya kila shavu, hata kama hajaweza kunyonya. Kisha, daktari akiridhia, mililita 10–20 kwa kilo kwa siku kupitia mpira. Tumbo likivimba na kung'aa, akitapika kijani au kinyesi kikiwa na damu, simamisha maziwa, mwite daktari papo hapo. Huenda utumbo unakufa.

Mzamu: Na probiotiki, yaani bakteria hai wa kumpa mtoto?

Darubini: Mzazi asimpe kwa uamuzi wake, tafadhali. Mwaka 2023 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilionya: kwa njiti, bakteria hao hai wanaweza kuingia kwenye damu.