Katiba ya chama cha kundi la Monduli: uanachama, akidi, rambirambi na usajili

Mshale_Kaskazini:

Wakuu salaam. Tulipata kamisheni, yaani cheo cha afisa, pamoja chuo cha jeshi Monduli, ni zaidi ya miaka kumi sasa. Kwenye orodha tuko 120 wa hapa nyumbani, wengi bado jeshini na wachache wamestaafu au wameacha kazi. Wapo pia wanne wa majeshi ya nchi rafiki waliosoma nasi. Mpaka leo tunaendeshana kwa grupu la WhatsApp na namba ya simu ya mhazini. Mtu akifiwa, mchango unaitishwa upya, na kiasi kinachopatikana kinategemea anavyofahamika.

Kamati imepewa kazi ya kuandika katiba, na rasimu iliyopo imenakiliwa kutoka chama cha wahitimu wa chuo cha kiraia. Naomba mwenye uzoefu atusaidie haya. Tusajili wapi, au tubaki hivi hivi? Nani awe mwanachama, maana wapo walioanza nasi wakaishia njiani? Akidi (idadi ya chini ya wahudhuriaji) tuweke ngapi wakati watu wametawanyika vikosini na wengine wako misheni za jeshi? La mwisho ndilo linalogombanisha watu: rambirambi. Rasimu inasema ada 10,000 kwa mwezi, na mfuko ulipe 3,000,000 akifariki mwanachama, 2,000,000 mwenza, na 1,000,000 kwa mtoto, mzazi au mkwe. Je, hesabu inakubali?

Karani_wa_Vikao:

Salaam afande. Umefanya vizuri kutotaja namba ya kundi lenu, na liache hivyo hivyo.

Nianze na usajili. Chama cha watu wanaosaidiana wao kwa wao ni jumuiya, si NGO. Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337, baada ya marekebisho ya 2019, inaitambua jumuiya kuwa muungano wa watu kumi au zaidi usiofungamana na siasa, ulioundwa kwa faida ya kitaaluma, kijamii, kiutamaduni, kidini au kiuchumi, au kwa ustawi wa wanachama wake. Hapo ndipo mlipo. Msajili wa Jumuiya yuko Wizara ya Mambo ya Ndani. Andaeni katiba, muhtasari wa mkutano wa waanzilishi, orodha ya waanzilishi wenye saini wasiopungua kumi, na wasifu wa viongozi wakuu. Makundi mengi hukwama kwenye muhtasari: unaandikwa baadaye kwa kukumbuka, tarehe inagongana na ya katiba, na faili linarudishwa.

Kabla ya hayo yote, wale mlio kazini mnahitaji kibali cha jeshi. Barua ipite kwa mkuu wa kikosi kwenda juu, ikiwa na rasimu ya katiba. Msiende kwa Msajili kwanza halafu mkaomba baraka. Mkijibiwa mbadilishe kifungu kimoja wakati mmeshasajiliwa, itabidi mrudi kwa Msajili kuomba marekebisho, maana katiba iliyosajiliwa haibadilishwi kimyakimya. Barua hiyohiyo itumike kuomba ruhusa ya jina na nembo. Neno "JWTZ" (Jeshi la Wananchi wa Tanzania) au nembo ya chuo kwenye fulana na bango ni mali ya wenyewe.

Sasa vifungu ambavyo rasimu ya chuo cha kiraia haiwezi kuwa navyo. Cha kwanza ni siasa. Ibara ya 147(3) ya Katiba ya nchi inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote cha siasa, ila inamwachia haki ya kupiga kura. Wastaafu wenu hawabanwi na hilo, na hapo ndipo tatizo linapozaliwa: mstaafu anagombea ubunge, ni mwenyekiti wa kundi, na picha zake za kampeni zinatua kwenye grupu lenye maafisa walio kazini. Andikeni kwamba mwanachama anayechukua fomu ya kugombea anaacha uongozi siku hiyohiyo, na kwamba fedha, jina na mawasiliano ya chama havitumiki kumuunga mkono mtu.

Cha pili ni madai ya pamoja. Chama kisipokee wala kupeleka malalamiko ya vyeo, posho, uhamisho au amri. Kila mtu ana njia yake ya kulalamika kupitia ngazi ya jeshi, mmoja mmoja. Nchi hii ina kumbukumbu ya Januari 1964, askari wa Tanganyika Rifles walipoasi wakidai mishahara na kuondolewa kwa maafisa wa Kiingereza, na JWTZ ikaundwa Septemba mwaka huohuo. Atakayesoma rasimu yenu makao makuu ataanza kukitafuta kifungu hiki, na asipokiona atauliza.

Cha tatu ni vyeo. Miaka ishirini baada ya kamisheni mtakuwa na kanali na meja kwenye chumba kimoja. Katika kura kila mtu ana moja, na daftari la wanachama lipangwe kwa alfabeti. Heshima ya cheo inabaki pale pale, hakuna katiba itakayoifuta wala haipaswi kujaribu. Ndiyo maana kura za uongozi ziwe za siri. Mkinyoosha mikono mbele ya mkubwa wa kikosi, hamjapiga kura.

Mama_Leja:

Hesabu ya rambirambi haikubali. Nakuonyesha.

Ada 10,000 kwa watu 120 ni 1,200,000 kwa mwezi, yaani 14,400,000 kwa mwaka. Hizo ni za kwenye karatasi. Wekeni makisio kwamba asilimia 75 ndizo zitakazoingia, kwa kuwa wapo watakaochelewa na wapo watakaosahau wakiwa misheni. Mnabaki na 10,800,000.

Upande wa malipo, wazazi wawili na wakwe wawili kwa kila mwanachama ni watu 480. Tuseme 360 kati yao bado hai. Chukueni kisio la kifo kimoja kwa kila watu 30 kwa mwaka, ambalo kwa umri huo si la kutisha. Hao ni 12, kwa milioni moja moja: 12,000,000. Mfuko umekwisha kabla hamjamzika mwanachama hata mmoja.

Ondoeni wakwe. Wazazi 180, vifo 6, ni 6,000,000. Ongezeni mwenza mmoja (2,000,000), mwanachama mmoja (3,000,000) na mtoto mmoja (1,000,000): 12,000,000. Bado haitoshi. Mkishusha mzazi hadi 500,000, jumla inakuwa 9,000,000 na mnabakiwa na 1,800,000. Mkitaka wakwe warudi kwa 500,000 kila mmoja, malipo yanapanda hadi 12,000,000, na ada haina budi kupanda, tuseme hadi 15,000. Kwa makusanyo yaleyale ya asilimia 75 hiyo inaleta 16,200,000. Mkutano uchague moja kati ya njia hizo mbili huku ukiziona namba. Msiwaache watu wapigie kura viwango vya kulipwa peke yake, maana kila mtu atasema "tuongeze".

Kisha viwango visiwe ndani ya katiba. Viwekeni kwenye kanuni za fedha zinazobadilishwa na mkutano mkuu. Vikiwa ndani ya katiba, kila mabadiliko ya shilingi yanakwenda kwa Msajili.

Miezi sita ya kwanza mkusanye bila kulipa. Kwa 900,000 kwa mwezi mtaanza na 5,400,000. Wekeni sakafu ya akiba, tuseme 4,500,000 ambayo ni nusu ya malipo ya mwaka. Ikishuka hapo, mchango maalumu wa 20,000 unaitishwa mara moja bila kusubiri mkutano.

Mwenye malimbikizo ya miezi mitatu anasimamishwa haki ya kulipwa. Akilipa yote, anasubiri siku 90 ndipo haki irudi. Bila siku hizo mtaona watu wanalipa deni la mwaka mzima jioni ile baba anapopelekwa ICU. Kwa aliye misheni ruhusuni kulipa mwaka mzima mbele, maana kisingizio cha mtandao hakiishi.

Uthibitisho: kibali cha mazishi kinatosha kutoa fedha ndani ya saa 48, cheti cha kifo kifuate ndani ya siku 60. Mkidai cheti kwanza, fedha zitafika arobaini imeshapita.

Na fomu ya wategemezi. Kila mwanachama aandike majina kamili ya wazazi, mwenza na watoto, na nani apokee yeye mwenyewe akifariki. Ihuishwe kila Januari. Mwenye wake wawili awaandike wote wawili, na kanuni iseme wazi kama wa pili anaongezewa ada. Mwanachama aliye kazini akifariki, jeshi kwa kawaida hubeba sehemu kubwa ya shughuli ya mazishi, kwa hiyo zile milioni tatu ziende moja kwa moja kwa aliyeandikwa kwenye fomu, zisiingie kamati ya mazishi. Zikiingia kule huwa maturubai na chakula.

Wakili_Kijiweni:

Nakubaliana na Karani kwa mengi, ila usajili wa jumuiya peke yake hautoshi kama mna ndoto ya kiwanja au nyumba ya kundi. Jumuiya iliyosajiliwa haina utu wa kisheria wa kumiliki ardhi kwa jina lake. Unahitaji wadhamini walioandikishwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, chini ya sheria ya wadhamini, Sura ya 318. Baada ya hapo bodi ya wadhamini ndiyo inayomiliki, kushitaki na kushitakiwa, na ina lakiri (mhuri) yake. Wengi hununua kiwanja kwa jina la mwenyekiti "kwa muda". Mwenyekiti akifariki, kiwanja kinaingia kwenye mirathi yake, na watoto wake hawajui kabisa habari za kundi. Wadhamini wawe wastaafu kwa sababu moja tu: hawahamishwi.

Uanachama. Tumieni tukio lenye tarehe na rekodi, yaani kamisheni. Aliyevishwa cheo na kundi ni mwanachama kamili. Wale walioanza nanyi wakaondoka kwa ugonjwa au kwa kutofaulu, mimi ningewapokea kama washirika kwa kura ya mkutano, mmoja mmoja. Wenzetu wa Annapolis, chuo cha jeshi la majini la Marekani, wanapokea hata waliowahi kuwa wanafunzi wakaondoka kabla ya kuhitimu, na hoja yao ina uzito: aliyeteseka nawe mwaka mzima porini si mgeni. Wageni wa nchi rafiki nao wawe washirika, wasiwe na kura wala uongozi, na wapate kibali cha jeshi lao wenyewe.

Na aliyefukuzwa jeshini? Kifungu kiseme uanachama wake unasimama anapotiwa hatiani na mahakama ya kijeshi, si anaposhitakiwa. Michango yake hairudishwi, lakini kama ada yake ilikuwa imelipwa yote, wategemezi aliowaandika waendelee kufunikwa hadi mwaka wa fedha uishe. Familia haikushitakiwa.

Daftari la wanachama nalo ni taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawagusa, na kwenu kuna la ziada la usalama: jina, namba ya simu na majina ya watoto wa maafisa 120 kwenye faili moja la Excel linalozunguka simu kwa simu. Daftari lisiwe na safu ya kikosi wala kituo, na libaki kwa katibu na msaidizi wake tu.

Karani_wa_Vikao:

Nilisahau akidi. Rasimu za kiraia husema nusu ya wanachama. Kwenu nusu haitapatikana hata mara moja, na kila mnachopitisha kitakuwa batili. Andikeni theluthi moja ya wanachama waliolipa, walioko ukumbini au kwa njia ya mtandao. Isipotimia ndani ya saa moja, mkutano uahirishwe siku 14 kwa ajenda ileile, na watakaofika siku hiyo wawe akidi. Isipokuwa kubadili katiba au kuuza mali: hapo theluthi mbili ya kura zilizopigwa, na waliopiga kura wasipungue asilimia 40 ya waliolipa. Taarifa ya mkutano siku 21, ya kubadili katiba siku 30 pamoja na maneno kamili ya mabadiliko. "Kujadili katiba" si ajenda.

Mshale_Kaskazini:

Ahsanteni sana, wakuu. Wapo wanaotaka mfuko pia uwe unakopesha kwa riba ndogo ili ukue. Tuongeze kifungu?

Mama_Leja:

Hapana. Mkianza kukopeshana mnaingia kwenye Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, yenye madaraja na usajili wake, na vikundi vya daraja la nne husajiliwa kupitia halmashauri. Wanaotaka mikopo waanzishe kikundi chao au wajiunge na SACCOS. Fedha ya msiba ikishakopeshwa, siku ya msiba iko kwa mtu aliye na deni.

Benki muwe na watia saini wanne, hundi ipite kwa wawili, na wawili hao wasitoke upande mmoja. Gawanyeni A na B: A ni mhazini na msaidizi wake, B ni wadhamini wawili wastaafu, na kila malipo yawe na saini ya A mmoja na ya B mmoja. Mhazini akipangiwa misheni ya mwaka, akaunti haifungi. Taarifa ya benki itumwe kwa wanachama wote kila tarehe 5, yenyewe kama ilivyotoka benki, bila kuandikwa upya. Na ile namba ya simu ya mhazini mnayotumia sasa, wekeni tarehe ya mwisho ya kupokelea michango na muiandike kwenye masharti ya mpito.