Naaplai udaktari Marekani, niseme nimetoka maisha magumu au ninyamaze?

Mtoto_wa_Kambi
Jamani habari zenu. Mimi mzaliwa wa Nyarugusu, kambi ya wakimbizi Tanzania, wazazi ni Wabembe wa Fizi, Kongo, tulifika Kentucky 2014 nina miaka 12. Koleji namaliza, MCAT (mtihani wa kuingia udaktari) nishafanya, AMCAS (fomu ya mtandaoni ya kuaplai vyuo vya udaktari) inafunguliwa mwezi wa tano. Binamu yangu aliyeaplai 2021 anasema kuna swali la ndiyo au hapana kama unajihesabu umekulia kwenye hali duni, niweke ndiyo haraka. Baba hataki hata kusikia, anasema hatukuvuka ziwa ili mtoto wake aende kulialia kwa Wazungu. Na mimi kusema kweli naona aibu, kambini wote tulikuwa hivyohivyo, resheni ikipunguzwa inapunguzwa kwa wote, sikujua kama ile ni shida mpaka nilipofika huku. Na wenzangu wengine bado wako kulekule.

DadaOhio
Mdogo wangu, binamu anakupa habari za zamani. Lile swali la ndiyo/hapana walishaliondoa, kuanzia aplikesheni za kuingia 2024. Siku hizi wanauliza kama kuna mambo mazito yaliyokupata ambayo hayajaonekana kwingine kwenye fomu, una herufi 1,325 tu, na ukitaka unaacha wazi. Kwahiyo hakuna cha kujibandika jina, mwambie baba atulie 😂
Mimi niliaplai enzi zile za ndiyo, nililala na kuamka na lile swali wiki nzima. Mwisho nikaandika yaliyotokea basi, kwamba nilikuwa mkalimani wa mama hospitali nina miaka 13, barua za fud stempu (msaada wa chakula wa serikali) nazijibu mimi, wikendi nalea wadogo zangu mama akiwa shifti ya usiku. Sikuandika "niliteseka" hata mara moja. Kwenye intavyuu daktari mmoja akaniuliza, sasa neno biopsi (kukata kinyama cha mwili kikapimwe) ulimwambiaje mama? Tukaongea hilo hilo karibu dakika kumi. Ukiandika kitu jiandae kuulizwa.

Mkisii_Minnesota
Mimi niko upande wa pili. Wazazi wangu manesi wote wawili, ila mwaka wa kwanza tulilala watu watano chumba kimoja, nikataka kuiandika hiyo. Dada yangu akaniuliza, ilikuzuia nini? Nikakosa jibu, nikaacha wazi. Wewe yako ni mengine kabisa, usijilinganishe na waliobaki kambini, utalinganishwa na watoto waliosoma na tyuta wa MCAT nyumbani kwao. Halafu usirudie esei yako kubwa, ile ya herufi 5,300, huko sema kwa nini udaktari.

mzee_wa_fomu
Mmesahau pesa. Omba msaada wa ada wa AAMC (chama cha vyuo vya udaktari, ndio wenye AMCAS) KABLA hujasabmit, maana ukishalipa hawarudishi. Waliopewa hadhi ya ukimbizi wamo, na kipato cha nyumbani kinatakiwa kisizidi mara 4 ya mstari wa umaskini wa serikali. Na pale kwenye elimu na kazi za wazazi jaza ukweli mtupu, usipunguze kitu ili uonekane maskini zaidi.

Mtoto_wa_Kambi
Asanteni sana. Nimeandika jana usiku, kadi ya resheni, kusomea chini ya mti, na mimi kumsomea baba barua za kiwanda cha kuku anakofanya kazi. Nikamtafsiria yote. Akanyamaza weee, halafu akauliza, mbona hukuandika kwamba Fizi nilikuwa mwalimu? Sasa hivi natafuta herufi 60 za kufuta.