Kwa nini mtoto mwenye homa kali aliwekewa dripu ya polepole?

Mzazi, Tanga:
Habari zenu, wataalamu. Mtoto wa dada yangu alilazwa akiwa na homa kali, mikono ya baridi na pumzi za haraka, lakini daktari aliagiza dripu iende polepole, jambo lililotutia hofu. Je, ni sahihi?

Tabibu wa watoto:
Pole sana, ndugu. Uamuzi huo una msingi. Utafiti wa FEAST, uliochapishwa mwaka 2011, ulihusisha watoto 3,141 wenye homa kali na damu isiyozunguka vizuri, katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, ikiwemo ya Muheza. Miongoni mwa waliomiminiwa maji kwa kasi, takriban asilimia 10.5 walifariki ndani ya saa 48. Kwa wasiomiminiwa kwa kasi, asilimia 7.3. Mazoea ya kumimina maji kwa kasi yalitoka nchi zenye vyumba vya wagonjwa mahututi, na bila kuyapima hapa kwetu tungeendelea kuwaumiza watoto kwa nia njema.

Muuguzi, Kilifi:
Naongeza tahadhari: watoto wanaoharisha hawakuhusishwa katika utafiti huo, na aliyepungukiwa sana na maji bado huongezewa upesi. Ndiyo maana mafunzo kwa wahudumu ya kuwatofautisha watoto hao ni ya lazima. Tunabonyeza ukucha, tunahesabu sekunde hadi wekundu urudi, tunashika mapigo, ndipo tunaamua kasi ya dripu.

Mzazi, Tanga:
Asanteni sana. Sisi wazazi twaweza kudai mafunzo hayo?

Tabibu wa watoto:
Naam. Kamati ya usimamizi ya kituo ina wawakilishi wa wananchi. Pelekeni hoja huko kabla bajeti haijapitishwa.