Natafuta riwaya ya fantasia (ya kichawi) yenye wapenzi wa jinsia moja, ila asife mtu

msomaji_usiku
Wakuu habari zenu. Nimemaliza The Priory of the Orange Tree ya Samantha Shannon, kurasa zaidi ya mia nane, nimeisoma yote kwenye simu maana kwetu jalada la kitabu tu linaleta maswali, na sasa sijui nishike nini. Kilichoninasa wala si madragoni, ni penzi la mwanamke Ead na malkia Sabran. Yaani Ead katumwa kwa siri amlinde mwenzie, mwanzoni hata hampendi, anamuona wa kiburi tu, halafu taratiiibu unaona wanavyolegea. Na Sabran mwenyewe lazima azae binti kwa sababu nchi nzima inaamini ukoo wake ukikatika lile joka kubwa lililofungwa litafunguka minyororo, kwa hiyo nani analala chumbani kwake inakuwa ishu ya taifa. Nataka kingine cha aina hiyo. Sharti langu moja: nimechoka kufika mwisho nikute mmoja kazikwa. Wakipendana tu naanza kuhesabu siku zao. Na wasiwe wazungu watupu jamani.

chai_na_riwaya
The Jasmine Throne ya Tasha Suri, 2021. Mazingira yake kayachota India, na mwaka 2022 ilibeba World Fantasy Award kwa upande wa riwaya. Malini ni binti wa kifalme, kaka yake ndiye mtawala na kamfungia kwenye hekalu bovu juu kileleni kwa sababu alikataa kuingia kwenye moto afe kama alivyoamriwa, huko anapewa sumu kidogo kidogo akili imlegee. Priya ni mtumishi wa kike anayepanda kule kufanya usafi, kumbe naye ana yake kayaficha. Hawaaminiani hawa! Kila mmoja anamtumia mwenzie huku anampenda na huo ndio utamu wenyewe. Ila ni vitabu vitatu, cha mwisho The Lotus Empire kimetoka 2024. Cha kwanza unamaliza wote wanapumua, huko mbele sifungui mdomo.

Babu Riwaya
Mjukuu, tatizo ni unakotafutia. Kwa wenzetu wa huko Marekani riwaya ya mapenzi ina masharti yake, mapenzi ndiyo yawe kiini cha hadithi na mwisho uwe wa matumaini, ukimuua mpenzi mmoja wasomaji wanakurudishia kitabu usoni. Fantasia haikuahidi kitu, mwandishi anaua anayemtaka. Sasa tafuta zile zilizoshika vyote viwili. The House in the Cerulean Sea ya TJ Klune, 2020: Linus ana miaka 40, mfanyakazi wa serikali, yuko na paka na mvua tu, anatumwa kisiwani kukagua kituo cha yatima wenye uchawi. Mtoto mmoja ana miaka sita na ndiye Mpinga Kristo, mwingine ni kama donge la kijani asiye na mifupa na ndoto yake ni kubeba mabegi ya wageni hotelini, anafanya mazoezi kabisa. Nilicheka sana hapo. Linus na msimamizi wa kituo, Arthur, wanapendana polepole kama watu wazima. Halafu Legends & Lattes ya Travis Baldree, mwanamke shujaa wa vita katundika upanga kafungua mgahawa wa kahawa kwenye mji ambao hakuna aliyewahi kuonja kahawa. Hafi mtu wa maana 😂

Zuhura_K
Babu, mwenye swali kasema wasiwe wazungu watupu na wewe umeleta Linus 😂 mimi naongeza. Ukitaka mapenzi bila mapanga, You Made a Fool of Death with Your Beauty ya Akwaeke Emezi wa Nigeria, 2022. Feyi ni msanii, mjane mdogo, anapenda wanawake na wanaume, best wake ni msagaji na hakuna anayeligeuza hilo kuwa msiba, ni maisha tu. Ila anaishia kumpenda baba wa kijana aliyekuwa anatoka naye, jiandae kugombana na kitabu. N.K. Jemisin usianze naye kwa sharti lako. The Fifth Season ina penzi la watu watatu, wanaume wawili na mwanamke, zuri mno, halafu nenda kanunue tishu. Ndiyo, alichukua tuzo tatu za Hugo mfululizo 2016 mpaka 2018 na alistahili, lakini tishu nunua. Black Leopard, Red Wolf ya Marlon James nayo ni Afrika tupu na Tracker anapenda wanaume ila damu imezidi, mimi niliweka chini nikarudi baadaye.

Na hili la mwisho wa furaha msilichukulie poa. Rafiki, filamu ya Wanuri Kahiu ya 2018 kuhusu wasichana wawili wanaopendana, imetoka kwenye Jambula Tree, hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda iliyoshinda tuzo ya Caine Prize 2007. Kenya waliipiga marufuku, na Wanuri alieleza kwamba bodi ya filamu ilitaka abadilishe mwisho kwa kuwa una matumaini sana, wale wasichana hawakujutia vya kutosha. Akakataa. Mahakama ikairuhusu siku saba tu na watu wakajaa sinema Nairobi. Wangekufa wale wasichana sijui kama kelele ingekuwa kubwa hivyo.

chai_na_riwaya
Hapo kwenye kujutia umenimaliza. Ndo maana mtu akisema riwaya za mapenzi ni vitabu vyepesi vyepesi mi namwangalia tu

kimya_kingi
This Is How You Lose the Time War, Amal El-Mohtar na Max Gladstone. Majasusi wawili wa kike wa pande zinazopigana wanaandikiana barua kupitia nyakati, fupi unamaliza wikiendi. Barua moja imeandikwa kwenye mbegu anaila ili aisome. Mwisho wake si kaburi, ishia hapo usiulize.

msomaji_usiku
Asanteni sana wote. Babu yule wa mabegi nishampenda tayari. Naanza na Jasmine Throne sampo iko kwenye simu, Linus nitamweka wiki ya stress kazini. @Zuhura_K lakini huyo baba mtu ana miaka mingapi kwanza??

Zuhura_K
Ni shefu. Anapika. Soma tu utajua kwa nini 😂