Mgeni atakula wapi jijini Mbeya kwa siku saba?

Mgeni kutoka Tanga

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Mwishoni mwa Juni nitakuwa Mbeya kikazi kwa siku saba, na nimepangiwa nyumba ya wageni maeneo ya Kabwe. Mara ya kwanza nilipofika huko nilikula chipsi mayai mchana na usiku kwa kutojua pa kwenda, nikarudi nyumbani bila kuonja hata ndizi moja ya Tukuyu, jambo ambalo jamaa zangu wananicheka nalo mpaka leo. Safari hii nataka kula wanachokula wenyeji.

Nina mambo mawili yanayonitatiza. Mimi ni Mwislamu, na nakumbuka kwamba kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, huko kinauzwa karibu kila mtaa. Nitajuaje kwamba chakula changu hakikupita kwenye kikaango hicho? Aidha, nitafuatana na mwenzangu anayependa kuonja pombe za asili, naye amesikia sana habari za ulanzi. Mimi mwenyewe natosheka na kahawa.

Mkazi wa Soweto

Karibu sana, ndugu yangu, na usisahau koti, kwa kuwa Juni na Julai ndiyo miezi yetu ya baridi kali.

Ukiwa Kabwe uko jirani kabisa na soko la Mwanjelwa, na kwa maoni yangu huna sababu ya kwenda mbali kutafuta chakula cha mchana. Kina mama lishe wa kuzunguka soko wanapika wali, ugali, maharage, mboga za majani, ndizi na nyama ya mchuzi, na wateja wao wakubwa ni wafanyabiashara wa sokoni, watu ambao hawavumilii chakula kibaya siku mbili mfululizo. Fika kati ya saa sita na saa saba na nusu. Ukichelewa hadi saa tisa utapewa ukoko na mchuzi uliobaki chini ya sufuria, kisha utakuja hapa jukwaani kulalamika kwamba Mbeya hakuna chakula.

Nakushauri uanze na maharage, hata kama kwenu ni chakula cha kawaida. Mji huu uko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho maji huchemka yakiwa na joto la nyuzi 94 hivi badala ya 100, kwa hiyo maharage hukaa jikoni muda mrefu kuliko huko Tanga. Mama lishe anayejua kazi yake huyabandika alfajiri na kuyaacha kwenye moto wa taratibu mpaka mchuzi uwe mzito wenyewe. Mwenye haraka huyatoa yakiwa bado yana kiini, na hapo utajua mara moja kwamba umekaa meza isiyo yako.

Mzaliwa wa Kyela

Mkazi wa Soweto amesema kweli kuhusu maharage, ila wali ameupita haraka mno. Mgeni akifika Mbeya kila mtu humwambia kwamba anakula mchele wa Kyela, kumbe mwingi ni wa Usangu, au ni mchanganyiko ambao ndani yake Kyela ni jina tu. Mchele wa Usangu si mbaya, nami nyumbani naula, lakini wa Kyela una harufu inayokufikia kabla ya sahani. Mwaka jana niliingia mahali palipoandikwa jina hilo kwa herufi kubwa ukutani, nikaletewa wali usionukia chochote. Nilipouliza, mhudumu akacheka na kusema kwamba rangi ya ukutani haijabadilishwa siku nyingi.

Kama ratiba yako ina siku moja ya mapumziko, panda gari la Tukuyu, kiasi cha kilomita 70 kutoka mjini, barabara ikikata kusini pale Uyole na kupita katikati ya mashamba ya viazi, kisha migomba na chai. Huko ndiko ndizi zinakopikwa na watu waliozaliwa nazo. Ulizia mbalaga, yaani ndizi mbichi zilizopikwa zikalainika, iwe kwa nyama au kwa maharage. Ukisogea hadi Kyela utapata usipa, ambao ni dagaa wa Ziwa Nyasa, na ukibahatika utapata mbasa wa kuchoma. Hata mjini Mbeya samaki hao hufika, lakini uliza wamefika lini kabla hujaagiza.

Mwalimu wa Uhindini

Assalaam alaykum, ndugu yetu. Nijibu la kikaango, maana wenzangu wamelikwepa. Kitimoto kwa kawaida huuzwa kwenye baa na vibanda vyake maalumu, kwa kilo, kikiwa kavu au rosti, na wauzaji hawakifichi hata kidogo kwa sababu ndicho kinachowaletea wateja. Tatizo liko kwenye chipsi. Penye baa, jiko moja laweza kukaanga kila kitu kwa mafuta yaleyale, kwa hiyo usiagize chipsi mahali pa namna hiyo hata kama wewe umeomba kuku. Uliza waziwazi, hakuna atakayekasirika, kwani swali hilo tunaliuliza kila siku.

Njia rahisi zaidi ni kula hapa Uhindini au upande wa Sokomatola, kwenye migahawa ya Waislamu, ambako asubuhi utapata supu ya ng'ombe na chapati, na jioni mishkaki. Kwa baridi ya Juni supu hiyo haina mshindani.

Kuhusu kahawa, jiandae kushangaa kidogo. Mbozi, iliyo jirani yetu, inalima kahawa nyingi ya arabika, lakini katika migahawa mingi ukisema unataka kitu cha moto utaletewa chai ya maziwa. Wanaotembeza birika la kahawa wapo, ila kashata uzipendazo zibebe kutoka Tanga.

Mpita njia wa Njombe

Namjibu yule mwenzako. Ulanzi hugemwa kwenye machipukizi ya mianzi wakati wa masika, na nyumbani kwake hasa ni huku kwetu Njombe na Iringa. Mwishoni mwa Juni msimu umekwisha, kwa hiyo akiuziwa kitu kwa jina hilo aulize vizuri ni kitu gani. Arudi Februari, aanze na mtogwa, ambao ni mbichi na mtamu, kabla hajathubutu kugusa mkangafu, yaani ule uliokwisha chacha na kuwa mkali. Kwa sasa akiwa Mbeya atafute kimpumu, pombe ya ulezi ya Wanyakyusa, na aende na mwenyeji.

Mgeni kutoka Tanga

Nawashukuru nyote. Nimekwisha kumwambia mwenzangu habari za ulanzi, naye amenuna. Jumapili tutakwenda Tukuyu. Naomba jambo moja tu kwa Mzaliwa wa Kyela: nikitaka kurudi na kilo kumi za mchele usiochanganywa, ninunue Kyela kwenyewe, au sokoni Mwanjelwa yuko muuzaji wa kuaminika?

Mzaliwa wa Kyela

Nunua Kyela kwenyewe, mashineni, ukiona mpunga unakobolewa mbele yako.