Mrejesho: Miezi sita ndani ya gari la kulala
Niliwauliza kama kijana wa miaka 24 anaweza kuishi muda wote ndani ya gari la kulala. Nimejaribu, na bado nimo humo.

Aliyenionya kuhusu unyevu, asante sana. Usiku wa kwanza wa baridi nilifunga kila dirisha. Asubuhi vioo vilikuwa vinatiririka maji na godoro limelowa upande wa chini. Sasa naacha tundu la paa wazi kidogo, na godoro nimeliwekea chaga za mbao hewa ipite. Kengele ya kaboni monoksidi nayo ipo karibu na kitanda, maana gesi hiyo ni sumu na haina harufu. Msiipuuze jamani!

Upweke ndio bado unanisumbua. Jioni nampigia mama.