Naomba ushauri: dada anataka tiba ya uyoga, hofu ya kifo inamtesa

Wakuu, shikamooni. Dada yangu yuko Portland, jimbo la Oregon, Marekani, kansa ya kongosho imefika hatua ya nne. Maumivu yanatulizwa kwa mofini. Kinachomtesa ni hofu, usiku halali. Sasa anataka silosibini, ile dawa ya kubadilisha fahamu iliyomo kwenye aina fulani za uyoga. Kule inaruhusiwa kisheria, mbele ya msimamizi mwenye leseni, na mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walichapisha majaribio kwa wagonjwa 51 wa kansa: wengi walipata nafuu ya sonona na wasiwasi. Mama huku Tanga anasema ni bangi iliyobadilishwa jina (simlaumu). Mimi naogopa kingine: dada anameza dawa za sonona, na moyo wake si mzima. Aliyewahi kumsindikiza mgonjwa, mlimuuliza daktari nini kwanza?